Ulisimama Wapi, Saa Ngapi: Kurekebisha Rangi za Picha Ghafi za Nje

Vijana wanaoniletea picha zilizoharibika rangi hufungua kompyuta kabla hata ya kuketi. Huwazuia kidogo nikawauliza: huyu uliyempiga alisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, na juu ya kichwa chake kulikuwa na nini? Wengi hawakulitarajia swali hilo. Wamekuja kutaka kujua ni kitelezi gani cha kuvuta na kivutwe mpaka wapi. Lakini miaka ya kupiga harusi, familia na wageni katika mji huu imenionyesha kwamba rangi mbaya ina mahali ilipotoka, na asiyepajua mahali hapo atabahatisha mpaka usiku wa manane.

Mombasa ina mianga mingi iliyokaribiana mno. Toka mbele ya Ngome ya Yesu saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, kisha ingia Ndia Kuu. Hujatembea sana, lakini umetoka kwenye mwanga wa takriban Kelvin 5500 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga) ukaingia kwenye kivuli kinachoweza kufika 8000 au kupita. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na mahali ambapo jua halifiki, kinachomwangazia mtu ni ule ukanda wa mbingu ya buluu ulio juu ya mapaa. Jicho halioni tofauti, maana ubongo unasawazisha bila kukuarifu. Kamera haisawazishi namna hiyo, na ukifika nyumbani unakuta bibi harusi ana uso wa kijivu na mkono wa buluu.

Namba hizo za Kelvin inafaa kuwa nazo kichwani. Mshumaa ni karibu 1900, balbu ya zamani ya waya 2700 hadi 3000, jua la mchana 5500, mawingu mazito 6500, na kivuli kinachoangazwa na mbingu safi huanzia 7500 hivi na kupanda. Kadiri namba inavyokua ndivyo mwanga unavyoelekea buluu. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama, kwa sababu kwenye programu ya kuhariri wanaona kinyume chake: wakipeleka kitelezi kwenye namba kubwa, picha inageuka manjano. Sababu yake ni kwamba ile namba unayoiweka ni maelezo ya mwanga uliokuwepo. Unaiambia programu, "hapa palikuwa na buluu nyingi," nayo inaongeza manjano kufidia. Ukilielewa hilo, huvuti tena kitelezi kwa kubahatisha. Unasema tu ukweli wa mahali.

Jambo jingine kuhusu namba hizo: hatua zake hazilingani. Kutoka 3000 hadi 4000 ni mabadiliko makubwa sana ya rangi, lakini kutoka 7000 hadi 8000 hutayaona kwa urahisi. Mafundi wa taa hugawanya milioni moja kwa namba ya Kelvin ili kupata kipimo kinachofuata jicho, na ukifanya hesabu hiyo utaona hatua ya kwanza ni 83 na ya pili ni kama 18 tu. Kwa hiyo kwenye picha za kivulini usiogope kuvuta kwa mikupuo mikubwa, na kwenye picha za jua la magharibi sogeza kidogo kidogo.

Kitelezi cha pili, kile cha kijani na majenta (rangi kati ya waridi na zambarau), watu wengi hukisahau kabisa. Cha kwanza hushughulika na jua na mbingu. Cha pili hushughulika na kila kitu kilichoingilia kati: majani, nyasi, mabati yaliyopakwa rangi, vioo vya magari. Picha ikikukataa hata baada ya kuhangaika na Kelvin, tatizo karibu daima liko kwenye kijani.

Kabla ya kuendelea, niseme kwa nini nasisitiza picha ghafi, zile za RAW ambazo kamera haijazipika. Juu ya sensa ya kamera nyingi, kile kipande kinachopokea mwanga, pana vichujio vidogo vidogo, nusu yake vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976. Faili ghafi huhifadhi kile kila kichujio kilichopokea, bila hukumu. Mizani ya weupe, yaani kuzisawazisha rangi ili cheupe kionekane cheupe, ni kuzidisha tu: kwa jua la mchana, kamera nyingi huzidisha nyekundu karibu mara mbili na buluu kama mara moja na nusu, ili zifikie kijani. Kwenye faili ghafi kuzidisha huko hakujafanyika. Alama uliyochagua kwenye kamera, iwe jua au mawingu, ni maandishi ya pembeni yanayoweza kufutwa. Kwenye JPEG, picha ambayo kamera imeshaipika, kumeshafanyika, na kilichobaki kimetupwa. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16384 kwa kila rangi. JPEG ina 256. Ukijaribu kumtoa mtu kwenye buluu ya kivuli kwa ngazi 256, ngozi yake inakatika vipande vipande.

Ila faili ghafi nayo ina mpaka. Sensa ikijaa, imejaa. Tuseme mawingu meupe ya saa saba juu ya bahari ya Nyali yamejaza kijani, lakini nyekundu na buluu bado zina nafasi. Ukizidisha hizo mbili, zinapita kijani, na wingu linakuwa na doa la majenta. Nimeletewa picha nyingi za namna hiyo na wenyewe wakiamini kamera imekufa. Kamera ni nzima. Dawa ni kutumia kifaa cha programu cha kurudisha maeneo yaliyoungua, ambacho hukisia rangi iliyopotea kutokana na zilizosalia, au kulitoa wingu rangi kabisa kwa maski, yaani kuchagua sehemu hiyo tu ya picha, kwa sababu wingu jeupe halina cha kupoteza. Na mara nyingine, punguza mwanga nusu hatua kabla ya kubonyeza. Histogramu ya nyuma ya kamera, ile grafu ya mwanga, haisemi yote: inachorwa kutokana na JPEG ndogo iliyoshapitia mizani ya weupe, si kutokana na faili ghafi yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linalowapoteza watu wengi zaidi hapa kwetu, yaani kuchagua kitu cheupe na kukiamini.

Kila programu ina dropa, kile kialama unachogusia sehemu isiyo na rangi ili programu ijisawazishe. Kwenye harusi ya Mombasa kanzu ziko kila upande, na kijana huigusa kanzu ya kwanza anayoiona. Picha nzima inageuka manjano, nyuso zinakuwa kama zimepakwa binzari. Anagusa kanzu nyingine, inakuwa vile vile. Kanzu ya Ijumaa na ya harusi imefuliwa kwa sabuni yenye viangaza weupe, kemikali zinazonyonya mionzi ya jua isiyoonekana na kuitoa tena kama mwanga wa buluu. Nyumba nyingine bado wanasuuza kwa buluu ya kufulia, kama walivyofanya mabibi zetu. Kanzu hiyo ni nyeupe kwa sababu ina buluu ndani yake. Ndiyo maana inapendeza. Ukiiambia programu kwamba hiyo ndiyo nyeupe kamili, unaiamuru itoe buluu kwenye picha nzima. Vitambaa vya meza, karatasi za bahasha na shela nyingi zina tabia hiyo hiyo.

Kuta nazo zina mambo yake. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe yenye mapambo ya buluu, na tangu hapo barabara kadhaa zimepata kuta kubwa zinazorudisha mwanga kwa nguvu. Kwa mpigapicha ni neema, kwa sababu ukuta mweupe uliopigwa na jua unamwangazia mtu aliye upande wa pili wa barabara kwa ulaini mzuri sana. Lakini huo mwanga una rangi ya rangi iliyopakwa, na hakuna nyeupe mbili za dukani zinazolingana. Ukuta wa chokaa ya zamani una umanjano wake. Kuta za Ngome ya Yesu, zilizojengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe, zina manjano na hudhurungi, na mtu akisimama karibu nazo wakati wa jua, upande wa shavu ulioelekea ukuta hupata joto ambalo upande wa pili hauna.

Kwa hiyo nachukua kadi ya kijivu kisichoegemea rangi yoyote, ili dropa iguse hiyo. Inatosha mteja mwenyewe aishike katika picha moja ya kwanza, kisha tuendelee. Sharti ni kwamba ikae kwenye mwanga ule ule unaompiga usoni, ikielekea upande ule ule. Nimeona wapiga picha wakiishika kadi juani huku bibi harusi yuko chini ya baraza. Kadi hiyo itakupa jibu sahihi la swali ambalo hukuuliza. Mahali pakibadilika, kadi inashikwa upya. Wingu likipita, inashikwa upya.

Asiye na pesa ya kadi anunue kwenye duka la vifaa vya ujenzi ile tepu nyeupe nyembamba ambayo mafundi bomba huzungushia nyuzi za mifereji. Imetengenezwa kwa PTFE, plastiki ambayo hurudisha rangi zote karibu sawasawa, na ndiyo maana hata vipimo vya maabara vya weupe hutengenezwa kwa malighafi hiyo. Zungushia kipande cha kadibodi tabaka nyingi mpaka usione chochote chini yake. Haina viangaza weupe. Kilicho muhimu ni kuhakikisha haijaungua kwenye picha, kwa sababu ni nyeupe sana, na dropa haina la kusoma pale palipojaa. Vijana wangu wengi wanatembea na kibao cha namna hiyo kwenye mkoba, na kazi zao zinaonekana.

Lakini hata kadi ni mwanzo tu. Hukumu ya mwisho iko kwenye ngozi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nalijali jambo hili kuliko yote.

Kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kutazama kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi nyeusi ilikuwa haimo kwenye kipimo, na wengi wetu tuna albamu za nyumbani ambamo wazazi wetu ni vivuli vyenye meno. Siku hizi kamera zimeboreka sana, ila uzembe umebaki kwenye mikono: picha inapigwa giza, kisha inavutwa juu kwenye kompyuta, na ngozi ya hudhurungi inatoka kijivu yenye chengachenga za rangi. Ngozi nyeusi inahitaji mwanga wa kutosha wakati wa kubonyeza, kwa sababu kelele ya sensa, yaani hizo chengachenga, imekaa gizani. Hilo la kwanza.

La pili ni namna ya kuipima. Weka kishale kwenye shavu, sehemu isiyong'aa, usome namba tatu za rangi. Kwa watu wa kila rangi ya ngozi, chini ya mizani sahihi, nyekundu huwa juu, kijani kati, buluu chini. Kijani kikikaribia nyekundu, kuna majani karibu. Buluu ikifikia kijani au kukipita, picha bado iko kivulini na inahitaji Kelvin zaidi. Usipime kwenye paji la uso linalong'aa. Ule mng'ao ni taswira ya kile kinachomwangazia, na kwa mtu aliyesimama chini ya mbingu wazi utakuwa na ubuluu kidogo. Uache hivyo. Ukiuondoa kwa nguvu, uso unakuwa mkavu, kama kinyago.

Mizani ya kujiendesha ya kamera haijui lolote kati ya hayo. Inatazama fremu nzima na kukisia, na fremu ikijaa rangi moja inavutika. Nililetewa picha za harusi iliyofanyika bustanini huko Nyali, chini ya miembe mikubwa. Aliyezipiga alikuwa na jicho zuri la mpangilio, ila kamera ilijiamulia yenyewe. Kwenye picha pana, zenye nyasi nyingi, ilisukuma majenta na nyuso zikawa za waridi. Kwenye picha za karibu, zisizo na nyasi, iliachia, na nyuso zile zile zikawa za kijani. Bibi harusi mmoja, mti mmoja, na rangi zinarukaruka kutoka ukurasa hadi ukurasa wa albamu.

Nilichofanya ni kuchagua picha moja ya karibu, kuisawazisha kwa namba za shavu, kisha kunakili mizani hiyo kwenye picha zote zilizopigwa chini ya mti huo. Hapo zikawa zinakosea kwa namna moja, na kosa la namna moja hurekebishika. Kilichobaki ni upindo wa gauni, uliokuwa ukipokea kijani kutoka kwenye nyasi. Kwa huo nilichora maski ya chini tu, nikaongeza majenta kidogo na kupunguza ukolezaji wa kijani. Tangu zamani nawaambia vijana: nje, funga mizani ya kamera kwenye alama ya jua na uiache hapo. Kwenye faili ghafi haiharibu kitu, na jioni utakuwa na kazi ya kurekebisha kikundi kwa kikundi badala ya picha moja moja.

Maski ndiyo silaha ya Mji wa Kale. Pale mtu ana ukuta wa jua upande mmoja na mbingu upande wa pili, hakuna namba moja ya Kelvin itakayoziridhisha pande zote mbili. Nasawazisha kwa upande wa uso unaotazama kamera, kisha naupaka ule wa pili kwa brashi laini, nikipunguza tofauti kama nusu. Siiondoi yote. Mji ule una mianga miwili, na anayeujua atahisi mara moja kwamba umesawazishwa kupita kiasi.

Buibui ni mtihani wa aina yake. Liliponijia kwa mara ya kwanza buibui jeusi lenye rangi ya zambarau iliyofifia, mwenye picha alikuwa ameshajaribu kila kitelezi. Nyuso zilikuwa sawa, milango sawa, mawe sawa. Vitambaa vyeusi tu ndivyo vilivyogeuka, na si vyote. La mama lilikuwa zambarau, la shangazi lilikuwa jeusi kabisa. Vitambaa vingi vyeusi vya nailoni na poliesta vinarudisha kwa wingi mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni lakini sensa inaiona kama kichujio chake cha ndani hakitoshi. Kamera ya Leica M8, iliyotoka mwaka 2006, ilijulikana kwa jambo hilo hasa, na kampuni ikawapa wanunuzi vichujio vya kuweka mbele ya lenzi. Katika kamera za sasa tatizo ni dogo, ila hurudi ukitumia kichujio kizito cha kupunguza mwanga kisichozuia infraredi, na ndivyo alivyofanya huyu kijana ili apige kwa tundu pana la lenzi mchana. Mizani ya weupe haiwezi kuliponya hili, kwa sababu kosa liko kwenye kitambaa tu. Dawa ni maski juu ya kitambaa, kisha kupunguza ukolezaji wa zambarau na majenta mpaka weusi urudi. Na siku nyingine utumie kichujio kinachozuia infraredi pia. Mtu aliyevaa buibui lake jipya la Idi ana haki ya kuliona jeusi.

Kisutu nacho. Mama mmoja alikuja na picha za mwanawe zilizopigwa kwingine, akaniambia, "Mwanangu, hii leso si yangu. Yangu ina maua." Kwenye picha palikuwa na bonge la wekundu lililokaribia chungwa, bila ua wala mstari. Nikamwomba, "Mama, waulize kama faili ghafi wanazo." Walikuwa nazo, na wekundu ulikuwa mzima ndani yake. Kilichoutafuna ni profaili ya rangi, yaani mapishi ya rangi ya programu, iliyochaguliwa wakati wa kuhariri, ile yenye ukolezaji mwingi na utofauti mkali, pamoja na ufinyu wa sRGB, mfumo wa rangi wa skrini za kawaida, ambayo haibebi kila nyekundu inayoonwa na sensa. Nikabadilisha profaili kuwa ile tulivu, nikapunguza mwanga wa nyekundu peke yake, nikashusha ukolezaji wake kidogo. Maua yakatokea, na maandishi ya jina la leso yakasomeka. Tangu hapo, profaili ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama nikifungua faili, kabla ya Kelvin. Ukisawazisha juu ya profaili isiyofaa, utasawazisha mara mbili. Hata namba zenyewe hutofautiana kati ya programu na programu kwa sababu hiyo. 5600 ya huku si lazima iwe 5600 ya kule.

Kuna mwanga usioponyeka, na ni vyema kuusema wazi. Pita Marikiti, pale wauzaji wanapofunika meza zao kwa maturubai ya buluu. Jua likipenya plastiki ile, nyekundu karibu yote imebaki juu. Ukija kwenye kompyuta ukazidisha nyekundu mara tano, unachozidisha ni kelele. Unaweza kuitoa picha kwenye buluu nusu njia, na kwa picha ya viungo vya pilau hiyo nusu inaweza kutosha. Kwa uso wa mtu haitoshi. Mwombe muuzaji kwa heshima asogee ukingoni mwa turubai, mwanga umpige kutoka nje. Ikishindikana, picha hiyo igeuze nyeusi na nyeupe, na wala si aibu. Taa za barabarani za sodiamu ni hivyo hivyo, kwa kuwa mwanga wake umejikusanya kwenye manjano.

Na kuna mwanga usiotaka kuponywa. Pale Mama Ngina, kando ya bahari, saa kumi na mbili na robo jioni, jua limeshuka nyuma ya mibuyu: hapo mizani ya kujiendesha itajitahidi kuondoa dhahabu yote, na vijana watabonyeza dropa kwenye shati jeupe na kuipata adhuhuri. Huku kwetu, nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua huzama karibu wima na dhahabu hiyo haikai. Mimi huiacha picha kwenye 5200 au 5500 ili joto libaki, na kama uso umekuwa chungwa mno nashusha kidogo kwa maski ya uso pekee. Ukitumia flashi, ivishe karatasi ya chungwa. Flashi tupu ni karibu 5500, na mtu ataonekana amebandikwa juu ya magharibi ya mtu mwingine.

Siku za mawingu ya masika sina la kusema. Mwanga ni mmoja, laini, karibu 6500, na kazi inakwisha mapema.

Lipo la macho yetu wenyewe. Ukikaa mbele ya skrini muda mrefu, ubongo unaanza kuisawazisha skrini kama unavyosawazisha kichochoro, na picha ya manjano inageuka kuwa ya kawaida machoni pako. Johannes von Kries aliandika namna ya kulikokotoa jambo hilo mwaka 1902, na hesabu zake bado zimo, kwa sura mpya, ndani ya programu zetu. Mimi huinuka, nikatoka barazani, nikatazama mbali, nikarudi. Hukumu ya kwanza baada ya kurudi ndiyo ninayoiamini. Zima hali ya usiku kwenye kompyuta, ile inayotia skrini umanjano. Usiharirie chini ya balbu ya manjano wala mbele ya ukuta wa kijani. Ukiweza, azima kifaa cha kupimia skrini uisawazishe kwa 6500. Kikiwa cha kikundi, wapiga picha kadhaa wanaweza kukichangia. Programu zenyewe si lazima ziwe za kulipia kila mwezi: darktable na RawTherapee ni za bure, zinasoma faili ghafi za kamera nyingi, na zina vifaa vyote nilivyovitaja.

Kukabidhi kazi kuna mambo yake pia. Wateja wangu karibu wote watazitazama picha kwenye simu, kwa hiyo natoa sRGB, na kwenye WhatsApp nazituma kama dokumenti ili zisibanwe. Nazitazama kwanza kwenye simu mbili tofauti, moja ikiwa ile ya rangi kali ambayo vijana wanaipenda, kuona kama wekundu wa kisutu unastahimili. Albamu ya karatasi ni kazi nyingine. Siruhusu ichapishwe yote kabla sijapata ukurasa mmoja wa majaribio wenye uso, leso na kanzu pamoja. Ukurasa huo nautoa nje ya duka nikautazama kwa mwanga wa mchana, mama wa bibi harusi akiwa nami kama ana nafasi, kwa sababu yeye ndiye anayeijua leso yake. Akisema ndiyo yenyewe, namwambia mchapaji aendelee.